Paking ya Kabambare na Wakwe Zake

Vijana wangu mliovaa sare juzi, nimewaona mnavyonyoosha bereti zenu kwa pasi ya makaa hadi zinakaa kama vifuniko vya sufuria. Si vibaya. Mimi nilipoanza kazi tulipewa bereti moja kwa watu wawili, tukaivaa kwa zamu, na wezi wakatuheshimu kwa zamu vilevile. Mmetaka niwaeleze jinsi ya kuwazuia vijana wasikatane mapanga. Najua mlitarajia niongee habari za fimbo na pingu. Nitaongea habari za miwa na mama wakwe. Mwenye haraka aondoke sasa, sitamwekea kinyongo.

Naitwa Ajida Assumani. Ajida ni cheo nilichostaafu nacho, lakini hata wajukuu wananiita hivyo, kwa hiyo sijapata nafasi ya kukivua. Nimefanya kazi Kasongo, nikapelekwa Kabambare, nikarudishwa Kasongo, nikapelekwa Salamabila ambako dhahabu ilikuwa nyingi na usingizi kidogo, nikarudishwa tena. Kila waliponihamisha waliniambia ni kwa faida ya kazi. Mgongo wangu, uliozipita barabara zote hizo juu ya pikipiki, una maoni yake.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa brigadia mmoja mzee, Mungu amrehemu, aliyekuwa na elimu fupi iliyomtosha maisha yote. Alinifundisha hivi: kijana akisimama, muulize anangoja nini, akikaa, muulize amechoshwa na nini, akitembea, muulize anakwenda wapi. Kwa njia hiyo tulijua kila kitu kuhusu vijana wa Kasongo, isipokuwa nani atamkata nani na lini. Hilo tuliambiwa na majirani, baada ya kukatwa.

Tulikuwa na dawa nyingine tuliyoiamini sana. Kijana akionekana ana kichwa kigumu, tunamtia kasho, yaani mahabusu yetu ya posti, siku moja tu, ili aogope. Wazazi walitushukuru. Wengine waliwaleta wenyewe, wamewashika masikio. Tatizo ni kwamba kasho yetu ilikuwa chumba kimoja. Tuliingiza vijana ambao hawajuani, mmoja wa sokoni, mmoja wa shule, mmoja aliyerudi kutoka machimboni, wakakaa pamoja wakisimuliana. Waliingia kila mtu na lake, wakatoka timu. Baada ya muda mfupi timu ilikuwa na jina, na jina lilikuwa limeandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa posti yetu. Sisi tuliona ni dharau. Hatukuona kwamba ni shukrani.

Sasa niwaambie kuhusu Madame Furaha. Alikuwa mtafiti, binti wa Kindu, aliyesomea mambo ya jamii, na alitumwa kwetu kuangalia kwa nini vijana wanaumizana na polisi wafanye nini. Alifika juu ya pikipiki amejaa tope hadi kwenye nyusi, na Komanda wetu, aliyekuwa mkuu wa posti, alimwonyesha benchi ya walalamikaji akamwambia angoje zamu yake. Alingoja. Alisema baadaye kwamba alijifunza mengi pale kwenye benchi, na hakutaka kutuambia ni mengi gani.

Swali lake la kwanza lilikuwa jepesi: vijana wanapiganaga wapi zaidi? Komanda alifungua karatasi zetu kwa majivuno, maana tulikuwa tunaandika kila kesi. Madame Furaha alisoma, akasoma tena, kisha akauliza kwa adabu kama kweli mahali penye damu nyingi kuliko pote Kasongo ni baraza ya posti ya polisi. Tukaangalia. Ilikuwa imeandikwa hivyo. Kwa miaka mingi, penye swali la mahali pa tukio, sisi tuliandika mahali mlalamikaji aliposimama akisimulia. Na Komanda, kwa kufuata karatasi hizo, alikuwa ameweka askari wengi zaidi kwenye baraza. Walikuwa wanakaa pale tangu asubuhi, wanalinda viti.

Kwa hiyo Madame Furaha akaenda hospitali, nami nikapewa kazi ya kumsindikiza. Muuguzi wa chumba cha vidonda hakuhitaji karatasi. Alisema vijana waliokatwa wanaletwa siku ya soko, baada ya adhuhuri, na wengi wanatoka paking ya Kabambare. Hapo ndipo pikipiki zinapakia watu wa Wamaza, Kabambare na Salamabila. Nilimuuliza kwa nini hatukuwaona sisi. Akamtazama Madame Furaha, si mimi.

"Ni juu wanasema wakipita polisi, wanatoka na vidonda mbili," akajibu, akaendelea kufunga bendeji.

Njiani Madame Furaha alinieleza yale aliyoyasoma. Alisema watu wamechunguza miji mingi, mikubwa na midogo, na wameona kwamba fujo za vijana hazisambai kama mvua. Zinaangukia mahali pachache, saa chache, mikononi mwa vijana wachache. Na mtu akishakatwa, hatari kubwa ni siku zinazofuata, maana ndugu zake wanapanga kulipa. Nilimwambia kwamba hilo hata marehemu bibi yangu alilijua.

"Basi, Papa Ajida, juu ya nini munaendaka kila fasi, kila siku, na vijana wote?" akaniuliza.

Nilimjibu kwamba barabara ilikuwa mbaya na aangalie mbele.

Niwaambie ukweli, sikumpenda mwanzoni. Lakini nilikuwa na Ramazani moyoni. Ramazani alikuwa motari, mwendesha pikipiki wa paking ileile, mcheshi, aliyekuwa ananibeba bure kila nikitoka kazini na kunitukana kwa upole njia nzima. Alikatwa siku ya soko, ikiwa ni malipo ya mtu aliyekatwa siku ya soko iliyopita. Nilimbeba mimi mwenyewe hadi hospitali juu ya pikipiki yake mwenyewe, na alifia mgongoni kwangu kabla hatujafika. Nililia mbele ya askari wangu, nikiwa nimevaa bereti. Kwa hiyo binti wa Kindu aliposema kuna njia ya kujua mapema, nilimsikiliza kwa hasira, lakini nilimsikiliza.

Siku moja ya soko tulisimama naye paking, tunaangalia tu. Kuangalia tu ni kazi ngumu kwa polisi, mkono unawasha. Vijana wakaanza kugombea abiria, sauti zikapanda, mmoja akaokota jiwe. Nikainua fimbo nikaenda. Kabla sijafika nikaona akina mama wanatoka mashambani wamejipanga, mabeseni kichwani, na wa tatu wao alikuwa mkwe wangu, mama wa mke wangu. Nikashusha fimbo, nikatazama ardhi. Nilipoinua macho, vita vilikuwa vimekwisha. Nikarudi kwa Madame Furaha kifua mbele.

"Umeona kazi ya fimbo?" nikamwambia.

"Papa Ajida, walinyamaza mbele ya weye kufika. Na fimbo ilikuwa inaangalia chini. Na wao pia walikuwa wanaangalia chini, sawa na weye. Mulikuwa munatafuta nini?"

Nilitaka kukasirika, lakini lilikuwa swali zuri. Tukamwita yule mwenye jiwe. Bado alikuwa nalo, amelificha nyuma ya mgongo.

"Mukwe wangu alikuwa anapita," akasema, kana kwamba ametueleza kwamba mvua ilinyesha.

Ninyi mnajua, lakini huenda kuna aliyetoka mbali, nimweleze. Kwetu mkwe hutazamani naye jicho kwa jicho. Huli mbele yake, hupazi sauti mbele yake, na akikuomba kitu hukumbuki kazi nyingine. Ukichumbia tu, mbuzi wa kwanza akishapelekwa, sheria imeanza. Mwislamu na Mkristo, Mubangubangu na Muzimba, tunaweza kubishana juu ya kila jambo hadi namna ya kutwanga majani ya sombe, lakini hapo hatubishani. Na wachimbaji wanaotoka mbali kuja Salamabila wana sheria yao inayofanana na hiyo, wakiisahau wanakumbushwa. Madame Furaha alisema huko alikosoma waliona kwamba mahali penye macho ya mtu anayeheshimiwa, vijana hujizuia. Sisi siku zote tulidhani macho hayo ni yetu.

Sasa nifike kwa Salumu, maana yeye ndiye sababu ya maneno haya yote.

Salumu alikuwa motari wa Kasongo, kijana mpole, asiyekunywa, pikipiki yake safi kuliko nguo zake. Alikuwa na mdogo wake, Idi, motari kama yeye. Siku ya soko Idi aligombea abiria na motari wa Salamabila aitwaye Jules. Jules aliruka zamu ya kupakia, Idi akashika usukani wa pikipiki yake amzuie, na Jules akachomoa panga akaukata mkono ulioshika usukani. Kisha akawasha pikipiki akatoroka kwa njia ya Kabambare. Idi hakufa. Lakini vidole viwili vilikatika mishipa, na motari asiyeweza kukunja vidole vya mkono wa klachi ni abiria.

Kila mtu alijua kitakachofuata, kuanzia wauza mafuta hadi mwenyekiti wa paking. Jules alikuwa na wateja wake, angerudi siku ya soko inayofuata. Salumu angemngoja. Mmoja angekufa, mwingine angekwenda gerezani, na wiki baada ya hapo tungeanza upya na ndugu zao.

Komanda aliamua msako. Asubuhi ya siku ya soko, askari wote waizunguke paking, wakusanye kila kijana, watiwe kasho hadi jioni. Alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, jinsi wakubwa wanavyoeleza jambo lililokwisha.

"Komanda," Madame Furaha akasema, "Jules hatakuwa ndani. Atasikia mbali, atapita fasi ingine. Salumu atatoka na hasira mara mbili, na wenzake wote watatoka na hasira ile ile. Tukamate mumoja ule alikata mutu. Ule mwingine, tumuzuie tu."

"Na ukikosea, Madame?"

"Nikikosea, mutu atakufa."

Komanda alikaa chini. Nadhani alitarajia ajitetee.

"Na weye ukikosea?" binti akauliza taratibu.

Komanda naye alimfahamu Ramazani. Mwishowe alisema anatupa siku ya soko moja tu, na kama damu itamwagika, ataandika kwamba wazo lilikuwa letu. Nilimshukuru. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na cheo chake hakikumruhusu kuonekana.

Tulikwenda hospitali. Salumu alikuwa ameketi kando ya kitanda, anamnywesha Idi uji kwa kijiko, maana mkono ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko. Madame Furaha alitaka tufike haraka kwa sababu hiyo: kando ya kitanda cha aliyekatwa ndipo kisasi kinapopikwa, na huko ndiko polisi hatuendi.

"Salumu, unapanga nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, Papa Ajida," akasema, na akamfuta Idi kidevu.

Kijana anayetukana na kupiga kifua humwogopi sana. Amekwisha kutoa nusu ya hasira kwa mdomo. Huyu alikuwa na adabu mno. Nikamwambia tutamkamata Jules. Akaniitikia vizuri, kama unavyomwitikia mzee anayesimulia ndoto yake. Idi alinitazama kwa macho yaliyojaa machozi, na nilipotoka alinifuata hadi mlangoni, ameshika ukuta.

"Papa Ajida, vidole ilishaenda. Sitaki kaka naye aende," akaniambia. "Mumuzuie. Mimi hanisikiaki."

Hapo nikamkumbuka Mama Kashindi. Salumu alikuwa amemchumbia binti wa Mama Kashindi, muuza miwa, na mbuzi wa kwanza walikuwa wamekwisha kupelekwa. Mama Kashindi alikuwa anauza nyuma kabisa ya soko, penye matope, kwa sababu kila alipojaribu kuuza paking askari walimfukuza. Mimi ni mmoja wa hao askari, na nilikuwa nafukuza kwa bidii.

Nilitaka kumwambia tu kwamba abiria wanapenda miwa. Madame Furaha alikataa. Alisema huwezi kumweka mtu kwenye njia ya panga bila kumwambia kuna panga. Kwa hiyo nikamwambia yote, nikiwa nimechuchumaa kwenye matope na sare yangu. Aliendelea kumenya muwa hadi nikamaliza.

"Miaka yote munanifukuza paking," akasema. "Leo munaniita."

"Ndiyo, mama."

"Tena munaniita juu ya vita."

"Ndiyo, mama. Unaweza kukataa. Kijana hajakuwa mukwe wako bado."

"Mbuzi yao inakula majani kwangu, Papa Ajida. Bado gani tena?" Akapima muwa kwa macho. "Nitakuja. Lakini wale wamama wengine wakuje nami, na siku ingine hakuna mutu atatufukuza. Na weye usisimame karibu. Ukisimama karibu, watu watafikiri niliiba."

Siku ya soko ikafika. Akina mama walihamia paking asubuhi, na miwa, mihogo iliyochemshwa, na ndizi. Mama Kashindi alitandika gunia lake karibu na nguzo ambapo pikipiki za Salamabila hushusha watu. Nilimweka askari mmoja mahali barabara ya Kabambare inapoingilia, amkamate Jules huko kimya kimya kabla hajafika. Mimi nilikaa upande wa pili wa paking, kwenye kibanda cha fundi wa magurudumu, najifanya nina pikipiki mbovu. Fundi aliniuliza pikipiki yenyewe iko wapi. Nilimwambia inakuja.

Salumu alifika akaegesha. Panga lilikuwa chini ya kiti, limefungwa kwa mpira, mpini unaonekana. Hakumwona Mama Kashindi hadi aliposhuka. Nikaona mabega yake yakishuka, uso ukaenda chini, akasalimia akiwa ameinama. Akarudi nyuma ili aondoke.

"Salumu," Mama Kashindi akaita.

Tangu posa, hakuwa amewahi kumwita jina. Kijana alisimama palepale.

"Nimesahau kisu nyumbani. Uko na panga?"

Nilikuwa mbali lakini niliona mkono wake umeshika kiti cha pikipiki. Angesema hana, mpini unaonekana. Angesema analo lakini lina kazi, kazi gani? Akalifungua, akaenda nalo kwa mikono miwili, macho chini.

"Kaa, unikatie. Watu ni wengi."

Akakaa. Alikata miwa asubuhi nzima, na wenzake waliokuja kuona vita wakanunua miwa kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Mimi nikaanza kujisifu moyoni, jambo ambalo ninyi msilifanye kabla ya jua kutua.

Jules hakupita barabarani. Alikuwa na akili. Alikata njia ya mashamba, akaibukia nyuma ya nguzo, akashusha abiria wake hatua chache kutoka kwenye gunia la miwa. Akageuka, akamwona Salumu. Salumu akamwona. Panga lilikuwa mkononi mwake tayari, na sisi ndio tuliomketisha pale. Nilianza kukimbia na nilijua sitafika. Nilimwona Ramazani. Sina maneno mengine: nilimwona Ramazani mgongoni kwangu.

Mama Kashindi hakusimama. Hakupiga kelele. Alichagua muwa mmoja, mrefu, akaulaza juu ya ubao mbele ya Salumu.

"Mukatie mugeni," akasema.

Salumu aliinua panga, juu, juu sana, akaliteremsha, na muwa ukakatika na ubao ukakatika na panga likazama kwenye udongo. Akalichomoa. Akamenya kipande taratibu, akakiweka kwenye mkono wa kulia, akamnyooshea Jules, uso umeinama. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye magoti.

Jules alikuwa na mkono nyuma, kwenye kiuno. Alimtazama kijana yule, akamtazama mama. Akatoa mkono mtupu, akapokea.

"Aksanti, mama," akasema, na sauti ilikuwa ndogo.

Nilipofika nilikuwa sina pumzi. Nilimshika Jules mkono, nikatoa kilichokuwa kiunoni mwake, nikamwambia yuko chini ya ulinzi kwa kumkata Idi. Alikuwa na muwa mdomoni. Nilimngoja ateme makapi, maana sheria haisemi lolote juu ya hilo, na nilihitaji kupumua.

Jioni nilimpa Komanda ripoti. Akauliza tumekamata wangapi. Nikasema mmoja. Vita vingapi? Hakuna.

"Basi mulifanya nini siku nzima?" akauliza.

Mtaulizwa swali hilo maisha yenu yote, jizoezeni. Kijana aliyekufa anaonekana, anabebwa, anazikwa. Kijana ambaye hakufa anapita barabarani kama watu wengine, na hakuna anayekupongeza kwa kumwona.

Mimi nilikuwa tayari kutangaza kwamba miwa ni dawa. Madame Furaha ndiye aliyenizuia. Alisema siku moja si ushahidi. Huenda Jules angeogopa hata hivyo, huenda mvua ingenyesha. Akanifanya niendelee kwenda hospitali kila baada ya siku ya soko, misimu yote, kumuuliza muuguzi, na kufananisha na masoko mengine ambako hatukubadili kitu. Akina mama walibaki paking. Idi alipewa filimbi akawa msimamizi wa zamu ya kupakia, kwa kuwa Madame Furaha alikuwa ameona kwamba vita vingi vilianzia kwenye zamu, si kwenye kabila wala dhahabu kama tulivyokuwa tukiandika. Waliokatwa paking wakapungua, muuguzi mwenyewe akaanza kulalamika kwamba siku ya soko anasinzia. Hata hivyo binti hakunikubalia kusema ni wakwe. Aliandika kwamba inawezekana ni wakwe, inawezekana ni zamu, inawezekana ni kumkamata mmoja badala ya wote. Nilimwambia ripoti ya namna hiyo haina kichwa wala miguu. Akasema iko na macho.

Nilikuja kumwelewa baadaye. Komanda mmoja wa mahali nisipopataja alisikia habari zetu, akawakusanya mama wakwe kwa amri, akawapa vitambaa vya mkononi vyenye rangi, akawaagiza wasimame barabarani. Vijana wakahamia nyuma ya shule wakapigana huko, kwa amani, bila kumkosea mkwe yeyote heshima. Alikuwa amechukua miwa akaacha kuuliza.

Na kuna jambo jingine ambalo ripoti haikuwa nalo. Baada ya muda mrefu nilimuuliza Mama Kashindi kama aliogopa siku ile. Nilidhani atacheka.

"Niliogopa hadi mukojo ilitoka," akasema. "Miguu ilikuwa inatetemeka chini ya kikwembe. Ndiyo maana sikusimama. Ningesimama, ningeanguka."

Nilimtafuta Madame Furaha kwa simu nikamwambia. Akasema ataliandika hilo mahali pa kwanza. Ninyi nanyi liwekeni mahali pa kwanza. Mkimwomba mtu awasaidie kuzuia damu, mjue miguu yake inatetemeka, na mkae pale anapoweza kuwaona.

Jules alihukumiwa, akakaa alikokaa, akarudi. Sasa anapakia kwa zamu, na Idi akimpigia filimbi anatii kabla haijaisha. Hawapendani. Sikuwahi kuahidi watapendana.

Salumu alioa. Nilikula harusini hadi mke wangu akanifinya. Mama Kashindi bado anauza miwa penye nguzo ileile, na panga analotumia ni lile, mpini wake sasa umezungushiwa mpira wa tairi. Salumu hajawahi kuliomba. Nilimuuliza siku moja kwa nini.

"Papa Ajida," akasema, "mutu anaombaka mukwe kitu namna gani?"

Kila jioni soko likivunjika, yeye ndiye anayembebea beseni. Mkwe hapandi pikipiki moja na mume wa binti yake, kwa hiyo mama hutembea nyuma pamoja na wenzake, na beseni hutangulia juu ya pikipiki ya Salumu, limefunikwa kitambaa, panga likiwa ndani. Wanapita paking wawili tu, yeye na lile panga, na mara nyingi Jules yupo pale anangoja zamu. Mimi hukaa kwa fundi wa magurudumu nikitazama, ingawa siku hizi hata fundi amechoka kuuliza pikipiki yangu iko wapi. Salumu hufika kwa mkwe, hushusha beseni mlangoni, husalimia ndani bila kutazama, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu.